Ya kale ni dhahabu: dhahabu ya nani?

Methali inasema ya kale ni dhahabu. Sisi wa Walikale na Masisi hatuhitaji kufundishwa dhahabu ni kitu gani. Tunajua inachimbwa kwetu, inapimwa kwa mizani kadogo mbele ya mchimbaji, lakini bei yake inasemwa mbali. Vitu vya wazee wetu navyo vimeshika njia hiyohiyo, na ni juu ya njia hiyo tunataka kuandika hapa. Hatutaki kulia tu. Tunataka kupima: yule anayenunua vitu vya kale anaangalia nini, anaacha nini, na sisi wenyewe tumejifunza nini kwake.

Tuanze kijijini. Wazee wametueleza mara nyingi namna mambo yanavyopita. Siku ya soko anafika mtu na pikipiki, anauliza: «Mzee, muko na kitu ya zamani mu nyumba?» Mzee anatoa chungu cha bibi yake, kikapu cha mbegu, kiti, na furushi moja lililofungwa kwa kamba. Mgeni anafungua furushi. Anasukuma pembeni magamba ya kakakuona, midomo ya ndege, makombe ya konokono. Anakamata kile kimoja chenye uso wa mtu. «Hii njo iko na bei.» Analipa, anapanda pikipiki, anaenda. Hakuuliza kitu kinaitwa nani, wala kilifanya kazi gani. Aliuliza miaka yake tu.

Sasa tukifuate hadi kinapofika. Mjini Bruxelles kuna uwanja unaoitwa Sablon, ambapo kila Jumamosi na Jumapili wanauza vitu vya kale, na kando yake yamepangana maduka yanayouza sanaa za Kongo yetu. Katika mji huohuo kuna maonyesho makubwa ya wauzaji wa vitu vya kale, yanaitwa BRAFA, yalianza mwaka 1956. Pale sanamu ya Afrika inawekwa peke yake juu ya kiguzo, taa inaiangaza, na chini yake kuna karatasi ndogo. Karatasi hizo zinafanana: jina la kabila, jina la nchi, mbao au pembe, urefu kwa sentimita, halafu orodha ya mikono iliyopitia. Orodha hiyo ndiyo inayopandisha bei. Lakini tukiisoma vizuri, tunaona inaanza na mzungu wa kwanza aliyekishika. Aliyekichonga hayumo. Aliyekirithi kwa baba yake hayumo. Ni kama vile historia ya kitu ilianza siku kilipotoka kwa wenyewe.

Tena kuna maneno yanayopendwa sana pale: «kilipatikana kabla ya 1950». Kwa mnunuzi ni maneno ya kumtuliza, maana yake kitu si cha uongo. Kwetu yanasema jambo lingine. Tuchukue Balega, ndugu na jirani wa Bakano wetu. Serikali ya Wabelgiji ilipiga marufuku chama chao cha bwami, kwanza mwaka 1933, halafu tena mwaka 1948. Kwa hiyo miaka hiyo inayoleta amani moyoni mwa mnunuzi ni miaka ambayo wazee walificha vitu vyao ao walivitoa kwa woga. Karatasi ndogo haisemi hivyo.

Na bwami inatuonyesha vizuri kosa la macho ya soko. Katika bwami mtu alipanda daraja moja baada ya lingine, na kila mara alifundishwa kwa vitu, kwa methali, kwa wimbo na kwa kucheza. Sanamu ya pembe ilikuwa ya daraja la juu, kindi. Lakini haikufundisha peke yake. Gamba la kakakuona lilikuwa na methali yake, mdomo wa ndege na wake, na mara nyingine kitu kidogo cha porini kilibeba fundisho zito kuliko sanamu nzuri. Balega wana neno moja, busoga, ambalo linasema uzuri na wema pamoja. Kitu kizuri ni kile kinachomfanya mtu awe mwema. Basi yule wa pikipiki, alipolifungua furushi na kuchukua uso mmoja, alifanya kama mtu anayeng'oa ukurasa wenye picha katika kitabu na kuacha kitabu chini.

Wanunuzi wanapenda pia ule mng'ao wa kitu kilichozeeka. Mng'ao huo ulitoka kwa mafuta na mikono ya watu waliokitunza miaka mingi. Wachongaji wa leo wamelielewa jambo hilo: wanakausha kitu juu ya moshi, wanakipaka mafuta na udongo, wanakiuza kama cha babu. Watu wanawalaumu kwa udanganyifu, na ni kweli wanadanganya. Lakini kumbe soko lenyewe ndilo linalowaita, kwa sababu linatafuta alama ya mikono bila kuwauliza wenye mikono.

Hadi hapa msomaji atasema kosa ni la wageni. Tungependa iwe hivyo. Lakini neno letu kubwa ni hili: soko la vitu vya kale limekuwa mwalimu wetu. Linachokinunua, tunakiuza. Lisichokinunua, tunakitupa. Njia zote mbili, ni lenyewe linalotuchagulia mila.

Tutoe mfano wa butega, ambayo Banyanga wanaiita butea. Ni pete za nyuzi za msituni, zilisukwa upande huu wa magharibi wa ziwa Kivu, sana sana kwa Batembo. Wanawake walizivaa miguuni nyingi nyingi. Katika karne ya 19, mbele ya franga ya Wabelgiji, watu wa pande zote za ziwa walizitumia kama pesa, hata Rwanda zilifika. Ukiwa na butega ulinunua mbuzi. Hiyo ni historia ya msitu wetu uliotengeneza pesa na kuzitawanya nchi za jirani! Lakini butega ni nyuzi tu, haing'ai, haina uso, haisimami juu ya kiguzo. Soko haliitafuti. Na sisi? Ni wanafunzi wangapi wa Masisi wamekwisha kuiona moja? Waulizeni sanamu ya mbao, watawaambia «iko na bei». Waulizeni butega, watawatazama tu.

Vilevile vyombo vya mbao vya maziwa, icyansi, katika familia za wafugaji wa Masisi. Leo maziwa yanateremka mulimani katika bidoni. Hatulaumu bidoni: ni nyepesi, haivunjiki. Lakini chombo kilipotoka jikoni, adabu yake ilitoka nayo: nani anakishika, nani anakiosha, kinawekwa wapi. Anayekinunua kama pambo la saloni hawezi kuijua adabu hiyo, na mtoto wetu naye haijui.

Kuna watu wenye akili watakaotujibu: bila wanunuzi hao, mchwa wangevila vyote. Jibu hilo lina ukweli, tusilikatae. Mzee mwenye mtoto anayefukuzwa masomo kwa ajili ya minervali hawezi kuambiwa alinde kiti cha babu. Tena hata serikali haikulinda vizuri. Sheria ya tarehe 15/3/1971 inahifadhi mali za utamaduni. Mwaka 1973 Mobutu alidai mbele ya Umoja wa Mataifa vitu virudishwe, na kati ya 1976 na 1982 Tervuren ilitoa vitu 114 kwa Kinshasa. Lakini katika fujo za miaka ya 1990 vitu vingi vya makumbusho viliibiwa, vingine vikaonekana tena kwa wauzaji wa Ulaya. Mwaka 2022 Ubelgiji ilimpa waziri wetu wa kwanza orodha ya vitu karibu 84.000, na mwaka uleule mfalme Philippe alileta kinyago cha Kakungu cha Wasuku, tena kama mkopo. Ni hatua. Ila orodha ya vitu si orodha ya maana yake. Vikirudi vyote kesho, nani atasema majina?

Hapo ndipo roho yetu inauma. Mwezi wa pili 2024 watu wa Masisi na Sake walijaza njia ya Goma. Mwezi wa tatu 2025 vita vilifika Walikale-centre. Mtu anayekimbia anabeba mtoto, sufuria na godoro. Furushi la babu linabaki. Kile ambacho mtu anaweza kukimbia nacho ni neno tu.

Na neno linaweza kubeba. Mwaka 1956 mzee Candi Rureke, Munyanga, alisimulia habari za Mwindo siku 12, akiimba na kucheza. Daniel Biebuyck na Kahombo Mateene, mwana wa Banyanga, waliichapisha mwaka 1969, Kinyanga chake kimo ndani. Mwindo alizaliwa ameshika conga, usinga wake, na kwa conga hiyo anawaamsha waliokufa. Tukikuta conga juu ya meza ya muuzaji, karatasi itaandika: mkia na mpini. Sisi tuliosikia hadithi tunajua kwamba kilicholala pale ni chombo cha kufufua.

Kwa hiyo hatumwambii mzee asiuze. Tunamwomba, na tunawaomba watoto wake, mbele ya kupokea pesa wakae jioni moja na daftari. Waandike jina la kitu kwa lugha yao, kazi yake, methali ao wimbo wake, na majina ya waliokishika. Wasianze na kile kizuri chenye uso. Waanze na lile gamba lililosukumwa pembeni. Walimu wa shule zetu wanaweza kuwapa wanafunzi kazi hiyo wakati wa konje: kila mmoja kitu kimoja, mzee mmoja, ukurasa mmoja. Haiombi franga, inaomba kalamu na saburi.

Mnunuzi ataendelea kuuliza kitu kina miaka ngapi. Mtoto wetu aweze kumjibu kwanza kinaitwa nani.