Uyoga wa Krismasi: Maji Yalitakiwa Kumwagwa

Wengi mmeshaiona ile video ya Krismasi kutoka jikoni kwa dada yetu wa Rayners Lane, London, kwa hiyo sitazunguka. Nendeni moja kwa moja kwenye dakika ambayo trei inatoka oveni. Kofia za uyoga zimelala chali, zimenywea kidogo, na ndani ya kila moja mna maji ya kahawia yanayotikisika. Mama mkwe, kanga begani, amesimama kando ya sinki. Anasema kwa upole, "Mwaga hayo maji, mwanangu." Dada anajibu, "Hapana mama, humo ndimo utamu uliko." Kisha anachota mchanganyiko kwa kijiko na kuushindilia juu ya maji yaleyale.

Kazi iliharibika hapo. Tusiisingizie oveni wala uyoga wa dukani. Wageni nao hawana kosa: siku ya Krismasi treni za London hazitembei, njia za Piccadilly na Metropolitan zote zimelala, kila mtu alijua atakuja kwa gari na saa ngapi. Muda ulikuwepo. Kilichokosekana ni kuinamisha trei.

Kinachoniuma ni kwamba mpaka sekunde ile alikuwa anapika kama bingwa. Uyoga aliuosha upesi chini ya bomba akaukausha kwa karatasi ya jikoni, na wale mnaoniandikia kila mwaka kwamba uyoga hauoshwi mtulie: Harold McGee, mwandishi wa sayansi ya mapishi, aliupima zamani, akauloweka na kuurudisha kwenye mizani, akakuta maji yaliyoingia ni kidogo mno. Mchanganyiko ulikuwa safi: mashina yaliyokatwa madogo, kitunguu, saumu, pilipili mbichi, dania, ndimu, chenga za mkate na cheddar. Kofia tupu alizipaka mafuta, akazinyunyizia chumvi, akaziingiza oveni peke yake kwenye nyuzi 200. Wapishi wengi hawafiki hata hapo. Yeye alimaliza ng'ombe mzima akashindwa na mkia.

Kwa nini mkia huu ni mzito? Uyoga huu wa dukani, uwe mweupe, wa kahawia au lile dude la portobello, ni aina moja, Agaricus bisporus. Tofauti ni rangi na umri tu. Karibu asilimia 92 ya uzito wake ni maji. Pakiti ya gramu 250 mmebeba takriban gramu 230 za maji kutoka dukani. Moto ukiingia, seli zinalegea, chumvi inavuta, na maji yanatafuta pa kukaa. Kofia iliyolala chali ni bakuli, basi yanakaa humo. Tunaoka kofia tupu kwanza kwa sababu hiyo moja: tuyatoe maji kabla hatujayafungia ndani. Sasa ukishayatoa, ukayaona kwa macho yako, halafu ukayafunika kwa mchanganyiko, ulioka nini?

Tuufuate mchanganyiko wenyewe. Chenga za mkate zilikuwa na kazi mbili: kushika mafuta ya jibini na kukauka ziwe na mlio mdomoni. Zilipokutana na maji zilifanya kazi ya tatu ambayo hakuzipa mtu, zikayanywa. Maji yanayochemka hayapandi juu ya nyuzi 100, na ile rangi ya kahawia yenye harufu ya kuokwa haiji sawasawa mpaka uso wa chakula upite nyuzi 140 hivi. Kwa hiyo ndani ya kofia moja palikuwa na mapishi mawili. Juu, jibini ilikuwa inaokwa. Chini, mkate ulikuwa unachemka. Trei ilipotoka mara ya pili, kamera ikasogea kwenye jibini iliyopiga rangi ya dhahabu na watu wakapiga makofi. Mimi nilikuwa nawatazama wanaokula. Yupo kijana wa shati jeupe anayeinua kofia kwa vidole viwili. Inapinda katikati, kitako kinaachia, na uji wa kahawia unamshuka mpaka kwenye kiwiko. Kitafunwa cha kuliwa kwa mkono, mwenyeji anaanza kugawa vijiko.

Jibini juu ya kosa ni ugonjwa ambao nimeshauandika mpaka nimechoka. Mradi pana rangi, hakuna anayeuliza chini kuna nini.

Sasa utetezi wake. Je, utamu umo katika maji yale? Umo, sikatai. Uyoga una glutamati nyingi, ndiyo inayoufanya uijibu nyama mezani, na sehemu yake inatoka na maji. Lakini humo utamu umezimuliwa, na kijiko cha maji yale kina maji zaidi ya ladha. Mwenye kuutaka anayamimina sufuriani, anayachemsha kwa moto mkali mpaka yabaki kijiko kimoja kizito cheusi, ndipo anayarudisha kwenye mchanganyiko. Na hapa ndipo nilipoigonga meza. Itazameni video tena: kikaango alichokaangia mashina kiko jikoni bado, nyuma yake, jiko halijazimwa. Hatua mbili! Angeinamisha trei juu ya kikaango kile, utamu wote ungebaki na maji yangeenda zake. Mama mkwe alitaka maji yatoke, mkwewe alitaka utamu ubaki, na kikaango kile kingewapa wote wawili walichotaka.

Wapo watakaosema aliogopa kofia zingepitiliza kwa kukaa sana motoni. Hofu hiyo ni ya mboga nyingine. Kuta za seli za uyoga zimejengwa kwa kitini, kitu kilekile kilichomo kwenye maganda ya kamba wa baharini, na kitini hakilegei kwa moto kama mchicha unavyolegea. Angemwaga, akazipindua fudifudi juu ya wavu wa chuma, akazirudisha dakika 10 nyingine, zingetoka imara zaidi na ndogo zaidi, tayari kubebwa. Ndiyo, zinanywea. Nunueni kubwa.

Mama mkwe yule hakusema kwa kubahatisha. Ni mtu wa Kibokoni, Mombasa, na kule hakuna anayefundishwa sambusa kabla hajafundishwa kukausha. Nyama ya kusaga inawekwa motoni na saumu, tangawizi na ndimu, bila tone la maji, inakorogwa mpaka yale maji yake yenyewe yaishe na sufuria ianze kutoa mlio wa kukaanga. Inaachwa ipoe kabisa. Vitunguu vinakatwa vidogo, vinakamuliwa, vinaingia mwisho. Ndipo manda inapokunjwa na kufungwa kwa uji wa unga wa ngano. Akina mama wale hawakuwa na kipimajoto, lakini sambusa zao ziliingia kwenye mafuta kavu na kutoka kavu, na ukizikuta asubuhi ya pili bado zina mlio. Angewaona wanafungia nyama yenye maji ndani ya manda, dada yetu huyuhuyu angepiga kelele. Sasa kofia ya uyoga ina tofauti gani na manda? Zote mbili ni za kufungia. Sharti lao ni moja.

Wala si Mombasa tu. Wahindi wa Nairobi na Kampala, waliofika Harrow na vitongoji vyake baada ya mitafaruku ya 1968 kule Kenya na 1972 kule Uganda, walikuja na bilingani zao ndogo za kujaza, zilizochanwa na kutiwa karanga za kusagwa na dania. Kijazo chao ni kikavu kwa sababu wanajua bilingani italeta maji yake yenyewe. Waganda nao wana ule uyoga mdogo wa kichuguu, obubaala, wanauanika juani kwanza, halafu unaingia kwenye mchuzi wa karanga ukiwa umeshaacha maji yake kwenye mkeka. Popote walipopika wazee wetu, maji yalitangulia kutoka. Sasa tuna oveni zenye feni na saa ya kulia, na tumekisahau walichokijua watu wa jiko la mkaa.

Katika karamu ile walionusurika, kwa hesabu yangu, ni wawili: jirani Mjaini, maana Wajaini wengi hawali uyoga kabisa, na mgeni Mganda wa ukoo wa Butiko, ambaye uyoga ni mwiko wake wa kuzaliwa. Hao walikula mogo, yaani muhogo, na wakaondoka na mashati safi.

Najua pia kuna kundi litakaloitumia video hii kufufua hoja ya Shirley Conran, mwandishi wa Superwoman ya mwaka 1975, aliyewaambia wanawake wa Uingereza kwamba kujaza uyoga ni kupoteza umri. Hoja hiyo sijaikubali hata siku moja. Alikuwa anawatetea wanawake waliochoka, na hilo ni jema, lakini uyoga aliuonea. Kazi nzima ni ya nusu saa na ushee, na sehemu kubwa yake oveni ndiyo inayofanya. Mwanamke aliyekunja sambusa za harusi nzima tangu alfajiri hatishwi na trei moja ya uyoga. Kinachopoteza umri ni kuufanya vibaya na kisha kufua shati la kijana wa watu.

Mwaka Mpya haujafika, kwa hiyo nafasi ya kurekebisha ipo. Chumvi na mafuta, kofia chali, nyuzi 200, dakika 15. Mwageni maji kwenye kikaango cha mashina, yachemsheni mpaka yabaki kijiko kimoja, yarudisheni kwenye mchanganyiko. Kofia fudifudi juu ya wavu, dakika 10. Mchanganyiko uliopoa, jibini kidogo tu, kisha oveni tena mpaka chenga zipige rangi. Msifunike kwa foili. Hilo nililisema Idi iliyopita nikaitwa mkorofi, nalirudia. Foili inarudisha mvuke, na mvuke ni maji.

Alama zangu ni hizi: mchanganyiko, tisa kwa kumi, matayarisho ya kofia, nane, uamuzi wa kijiko, sifuri. Wastani utafuteni wenyewe, lakini kwangu mimi sifuri ile inahesabiwa mara mbili, kwa sababu alikuwa ameshaambiwa.