Heko, Wafungua Njia wa Temagami

Huko Temagami, kaskazini mwa Ontario, Kanada, safari ya ziwani hupitia mabegani. Unatoka majini, unajitwisha mtumbwi, unafuata kijia cha msituni hadi ziwa la pili. Vijia hivyo Waanishinaabe, wenyeji wa asili wa huko, huviita onigum. Mtandao mzima, pamoja na mapito ya majira ya baridi, ni nastawgan. Craig Macdonald alitumia miaka mingi akiwauliza wazee wao kila kijia kilipita wapi, akavichora vyote kwenye ramani. Heko kwake. Lakini mimi nawavulia kofia zaidi wenye misumeno: mti ukianguka na vichaka vikifunga, njia hufa hata kama ramani ingali ukutani. Wao huingia humo (na mbu wa huko hawana adabu), hukata, huondoka bila kuacha hata jina.