Pongezi kwa Kibushi, mwenye studio ya kuhamahama

Anayedhani filamu za katuni ni kazi ya miji yenye umeme usiokatika, na amtazame Jean-Michel Kibushi Ndjate Wooto. Alizaliwa mwaka 1957 huko Lubefu, Sankuru, jirani wa Maniema yetu, na mwaka 1988 akaanzisha Studio Malembe Maa, studio ya kuhamahama. Hapo ndipo ninapouona ukubwa wake: kwa mji wa machimbo kama Punia, hapa Maniema, studio inayosafiri ina faida kuliko jumba la fahari lililoko Kinshasa. Mtu atasema hakuwa wa kwanza, maana miaka ya 1950 padri Mbelgiji, Alexandre Van den Heuvel, alikwisha kutengeneza katuni za swala Mboloko. Sawa, lakini msimulizi wa zile alikuwa mgeni. Mwaka 1991, katika filamu ya Kibushi ya chura aliyekwenda ukweni, ngano ya Watetela ilisimuliwa na mwana wao.

Kazi yenyewe si mchezo. Kipande cha karatasi kinasogezwa kidogo, kamera inapiga, kinasogezwa tena. Sekunde moja ya sinema ni picha 24. Subira hiyo aliipeleka hata kwenye machungu: filamu yake Kinshasa, septembre noir ya 1992 inaonyesha, kwa michoro ya watoto, uporaji wa Septemba 1991 jijini humo. Wapo wanaomlaumu kwa kutegemea mafunzo ya Ubelgiji. Lawama nyepesi hiyo. Fundi hufuata zana ziliko. Na shujaa wa filamu yake Muana Mboka (1999) bado ni mtoto wa barabara za Kinshasa.