Jedwali la inersia linatupa majibu, linaficha swali

Fungua kurasa za mwisho za karibu kitabu chochote cha uimara wa nyenzo, utalikuta: jedwali la momenti ya inersia ya eneo. Mstatili, bh³/12. Duara, πd⁴/64. Pembetatu, bh³/36. Wanafunzi wa uhandisi tunalikariri, tunalimwaga kwenye mtihani, kisha basi. Jedwali lenyewe halina kosa. Lawama yangu ni kwamba linakupa jibu na kukuficha swali.

Swali ni hili: umbo la boriti, mbali na kitu ilichotengenezwa nacho, linaisaidiaje isipinde? Chukua uso unaouona ukiikata boriti kwa msumeno. Ugawe vipande vidogo vidogo. Eneo la kila kipande lizidishe kwa mraba wa umbali wake kutoka kwenye mhimili, halafu jumlisha vyote. Hiyo ndiyo habari nzima. Kipande kilicho mbali mara mbili kinasaidia mara nne.

Sasa tazama mbao ya mbili kwa nne, tuseme milimita 50 kwa 100. Ikisimama kwa ubavu mwembamba, inatoa kama 4,170,000 mm⁴. Ilaze, inashuka hadi kama 1,040,000. Mbao ileile, bei ileile, tofauti mara nne! Fundi anayepaua nyumba anaisimamisha bila kuandika herufi hata moja. Mwanafunzi naye ana herufi zote, ila jedwali halimsisitizii kwamba h si upande mrefu, ni upande unaofuata mwelekeo wa mzigo. Akikosea hapo, kwenye karatasi boriti iliyolala inakuwa ngumu mara nne kuliko ilivyo. Kwenye karatasi unapoteza alama. Juu ya paa, je?

Kinachofichwa zaidi ni mhimili. bh³/12 ni ya mstatili ukipimwa kwenye mhimili unaopita katikati yake. Lakini bh³/12 hiyohiyo ni ya pembetatu pia, ikipimwa kwenye kitako chake. Maumbo mawili, moja lina nusu ya eneo la jingine, fomula moja! Aliyekariri tu haoni ajabu yoyote hapo. Ukweli ni kwamba umbo peke yake halina inersia moja. Ina maana pale tu unapotaja mhimili.

Na si jambo dogo. Galileo Galilei, katika kitabu chake cha mwaka 1638, alieleza vizuri kwa nini ubao uliosimama una nguvu kuliko uliolala. Ila kwa boriti iliyochomekwa ukutani, aliuweka mhimili kwenye ukingo wa chini, na akachukulia kwamba mvuto ndani ya boriti ni sawa kote. Uwiano akaupata, lakini nguvu ya boriti ikatoka kubwa mara tatu kuliko tunavyoihesabu leo.

Jaribio la mwisho. Laza mbao zetu mbili, moja juu ya nyingine, bila gundi. Kila moja inapinda kivyake: 1,040,000 mara mbili, kama 2,080,000. Zigandishe zisiteleze hata kidogo, mhimili unahamia kwenye maungio, na jumla inaruka hadi kama 8,330,000. Gundi imeongeza mara nne bila kuongeza mbao! Jedwali lisiloeleza umbali haliwezi kukuonyesha hilo.

Hata jina linachanganya. Inersia ya kitu kinachozunguka inahusu uzito wake na inapimwa kwa kg·m². Hii yetu haina uzito ndani yake, ni mm⁴ tupu. Wanaoiita momenti ya pili ya eneo wanamtendea haki msomaji.

Najua utetezi: jedwali linaokoa muda, na hakuna mhandisi anayeanza na kalkulasi kila asubuhi. Sawa, libaki. Lakini mhimili uchorwe wazi kwenye kila umbo, mshale wa mzigo uwepo, na kabla ya jedwali mwanafunzi apewe mbao mbili na swali moja: ukizigandisha, nini kimebadilika? Akilijibu hilo, jedwali atalitumia bila kudanganyika.