Barabara si Nchi: Juu ya Uchunguzi wa Lugha katika Tabora na Njia ya Misafara

Kuna hoja moja ambayo kila aliyepata kusahihisha kazi za wanafunzi juu ya kuenea kwa Kiswahili amekutana nayo, na yamkini ameiacha ipite. Hoja yenyewe yasema hivi: njia ya misafara ilitoka Bagamoyo, ikapita Mpwapwa na Ugogo, ikafika Tabora, kisha ikaendelea hata Ujiji, watu wa Tabora leo wanasema Kiswahili, basi misafara ndiyo iliyowaletea Kiswahili. Mwandishi huongeza jedwali la majibu aliyoyakusanya mjini kwa majuma mawili, akaona kazi imekwisha. Nimetakiwa kuhakiki kazi kadhaa za namna hii. Sitazitaja, maana kosa si la mtu mmoja, na mimi mwenyewe, kama nitakavyoeleza, nimelitenda.

Sisemi kwamba hoja hii ni ya uongo. Nasema haijathibitishwa, na baina ya mambo hayo mawili pana mwendo mrefu.

Tuanze na mashahidi wa kale. Richard Burton na John Speke walifika Kazeh, ndiyo Tabora, mwezi wa Novemba 1857, na kitabu alichokitoa Burton mwaka 1860 ndicho kinachotajwa kwanza na karibu kila mwandishi. Lakini mwenyeji wake mkubwa pale alikuwa Snay bin Amir, mfanyabiashara Mwarabu, na Kiarabu kilikuwa lugha ambayo Burton aliijua vizuri. Sehemu kubwa ya habari za Wanyamwezi, basi, ilipita katika baraza ya mgeni mmoja kabla ya kuandikwa katika daftari la mgeni wa pili. Tazama pia kazi ya Edward Steere, ambaye sisi wa Kiswahili tuna deni kubwa kwake. Alichapisha mkusanyo wa maneno na sarufi ya Kinyamwezi, akataja Unyanyembe katika jina la kitabu, hali makao ya kazi yake yalikuwa Unguja. Mkusanyo ule una thamani, nami nimeutumia. Hata hivyo, Mnyamwezi wa kuonekana Unguja ni Mnyamwezi aliyesafiri. Ndugu yake aliyebaki nyumbani akipalilia mtama hakuulizwa neno.

Hapa ndipo penye shina la jambo. Msafiri humwona aliye njiani, na katika wale walio njiani huzungumza na yule wanayeelewana. Akiandika kwamba Kiswahili kilifahamika kila mahali, maana yake halisi ni kwamba kila alipotua hema alimpata mtu wa kumfasiria. Mtu mmoja katika kijiji kizima amtosha msafiri; hamtoshi mchunguzi. Wasiojua Kiswahili hawakuja hemani, na kwa hiyo hawamo kitabuni. Barabara imehesabiwa ikaitwa nchi.

Kosa hili halikuanzia kwetu. Mwaka 1936 jarida la Literary Digest la Marekani lilipeleka kadi kwa watu kiasi cha milioni 10 kuwauliza watamchagua nani awe rais, likarudishiwa zaidi ya milioni 2, likatangaza kwamba Landon atashinda. Roosevelt alishinda katika majimbo 46 kati ya 48. Majina mengi yalikuwa yametolewa katika orodha za wenye simu na wenye motokaa, katika nchi iliyokuwa imeumizwa na ufukara. Na waliojisumbua kujibu hawakuwa sawa na walionyamaza. Wingi wa majibu haukulisaidia jarida kitu. Nataja habari hii kwa sababu nimesoma mara nyingi mwandishi akijitetea kwamba aliwauliza watu wengi. Aliwauliza wapi?

Katika haki ya hoja ya misafara, yapo yanayoiunga mkono, nayo yastahili kusemwa kwa nguvu kuliko yanavyosemwa. Stephen Rockel, katika kitabu chake cha mwaka 2006, ameonyesha kwamba wapagazi wa njia ya kati walikuwa kwa wingi Wanyamwezi wafanyao kazi kwa ujira, watu wenye ufundi na desturi za safari, na kwamba wanawake pia walisafiri. Watu waendao pwani na kurudi huleta lugha pamoja na nguo na shanga. Lakini hata hapa tuangalie hesabu: mizigo iliyohesabiwa Bagamoyo yatupa idadi ya safari, haitupi idadi ya watu. Mtu mmoja aliyeshuka pwani mara tano huonekana kama watu watano. Tena, njia ilipitisha maneno huku na huku. Neno mnyapara, ambalo leo twalisikia katika kila genge la kazi, huhusishwa na Kinyamwezi, na rugaruga, askari wa Mirambo, wameacha jina lao katika vitabu vya Kiswahili. Anayehesabu maneno yaliyopanda kutoka pwani, asihesabu yaliyoshuka, amekwisha kuamua jibu kabla ya kuuliza.

Sasa nije kwenye kosa langu. Nilipokuwa nikikusanya habari kwa ajili ya shahada yangu ya udaktari ng'ambo, nilisimama sokoni Tabora na karatasi ya maswali, yote kwa Kiswahili. Bibi mmoja aliyeuza asali nilimwuliza, "Shikamoo bibi. Nyumbani mnasema lugha gani?" Akanijibu, "Marahaba mwanangu. Kiswahili tu." Nikatia alama. Kabla sijafunga kalamu, aligeuka akamkemea mjukuu wake kwa Kinyamwezi, kirefu, na mtoto akamjibu kwa Kinyamwezi vilevile. Nilicheka, lakini alama sikuifuta, kwa kuwa taratibu nilizofundishwa zilinitaka niandike jibu la mwulizwaji. Alama ile imo hata leo katika jedwali langu, miongoni mwa wale walioacha lugha ya wazazi wao. Bibi hakunidanganya. Aliulizwa kwa Kiswahili na mtu wa karatasi, akatoa jibu ambalo watu wa karatasi hulipenda. Kosa lilikuwa la swali na la mwenye kuuliza.

Na kosa hilo lina gharama. Jedwali la namna ile likisomwa na mwenye kugawa fedha za kamusi au za vitabu, atasema: Kinyamwezi kimekwisha, tuwasaidie wengine. Sensa nayo haitatuokoa, kwa maana ile ya mwaka 1967 ndiyo ya mwisho kuuliza kabila, na sensa za 2002 na 2012 ziliuliza kusoma na kuandika katika Kiswahili na Kiingereza. Kujua kusoma Kiswahili hakutuambii bibi anamkemea mjukuu kwa lugha gani.

Liko jambo la pili, nalo lanishangaza zaidi kwa jinsi linavyosahauliwa. Reli ilifika Tabora mwaka 1912. Mzee wa miaka 80 tukimwuliza leo, alizaliwa miaka ya 1940, zaidi ya miaka 30 baada ya garimoshi la kwanza. Kiswahili chake chaweza kuwa kimetoka kwa misafara ya babu yake. Chaweza pia kuwa kimetoka kwa makarani wa Kijerumani na wa Kiingereza, kwa shule, kwa stesheni, kwa mikutano ya TANU, ambayo mwezi wa Januari 1958 ilifanya mkutano wake mkuu papo hapo Tabora, au kwa vijiji vya miaka ya 1970. Karatasi ya maswali, hata ikitungwa kwa ustadi wote na watu wakachaguliwa kwa kura, haiwezi kutenganisha sababu hizi kwa kuuliza walio hai. Itatujulisha hali ya leo. Habari za mwaka 1870 zatakiwa kutafutwa penginepo.

Penginepo papo. Kamusi ya Kinyamwezi ya Edmund Dahl ilichapishwa mwaka 1915, miaka mitatu tu baada ya reli kufika. Maganga na Schadeberg walitoa sarufi, matini na msamiati wao mwaka 1992. Mwanafunzi mwenye subira angeweza kupanga maneno ya mkopo yaliyomo katika vitabu hivi viwili, ya biashara, ya nguo, ya dini, ya serikali, aone yapi yalikuwa yamekwisha kuingia mwaka 1915 na kwa sura gani ya sauti. Kazi hiyo haina safari wala posho, labda ndiyo sababu haijapata mchumba.

Kuhusu kazi iliyo mezani pangu sasa, nimeandika hivi kwa mwenyewe: jedwali libaki, lakini kichwa chake kibadilishwe, kisomeke "majibu ya watu waliokutwa sokoni na stesheni". Sura inayohusu karne ya 19 itolewe yote. Na kabla ya kurudi Tabora, amtafute mwenzi ajuaye Kinyamwezi, wapige kura ya vijiji vya Sikonge na Nzega, vya karibu na njia na vya mbali, wala wasianze kuuliza siku ya kwanza. Wakae tu barazani, wasikilize.