Pongezi kwa wanaoijaribu SQLite

Huku komini ya Alunguli, ng'ambo ya mto Lualaba, simu huzimika ghafla chaji ikiisha. Ukiiwasha tena, jumbe zako za WhatsApp zipo zote. Asante iende kwa SQLite, hifadhidata iliyoandikwa kwa lugha ya C, aliyoianzisha D. Richard Hipp mwaka 2000. Leo imo ndani ya kila simu ya Android.

Nawapongeza hasa wanaoijaribu. Katika toleo la 3.42.0 la mwaka 2023, msimbo wa majaribio ulikuwa mkubwa karibu mara 590 kuliko programu yenyewe! Tazama jaribio moja tu. Programu inaomba nafasi kwenye kumbukumbu ya kompyuta. Jaribio linalinyima ombi la kwanza, kisha linakagua kama data imebaki salama. Linaanza upya, linanyima ombi la pili, halafu la tatu, vivyo hivyo mpaka kazi yote ipite bila kunyimwa kitu. Jaribio jingine linaigiza umeme kukatika katikati ya kuandika, kisha linafungua faili: badiliko liwe limeingia lote, au lisiwepo kabisa. Sisi tuliozoea giza la ghafla tunaijua thamani ya kazi hiyo.

Ninachokiheshimu zaidi ni nidhamu yao juu ya hitilafu. Ikiripotiwa, haihesabiwi kuwa imerekebishwa mpaka liandikwe jaribio jipya linaloifichua, nalo hubaki miongoni mwa majaribio ya matoleo yote yanayofuata.