Ngoma ya Beni na Nguo za Sare

Arusi zikikaribia hapa Gungu mafundi cherehani hukesha. Jamaa za bwana arusi hushona kitambaa cha rangi moja, na jamaa za bibi arusi rangi nyingine. Naye asiyeweza kununua huketi nyuma, au hubaki nyumbani kwa haya. Watu husema ya kuwa desturi hii ni ya siku hizi. Lakini babu zetu waliijua katika ngoma iliyoitwa beni, nayo yafaa tuipime kwa haki, mema yake na mabaya yake.

Beni ilianza pwani ya Kenya, huko Lamu na Mombasa, katika miaka ya 1890. Jina lake latokana na bendi za Wazungu. Wachezaji walijipanga safu kama askari, wakapiga ngoma kubwa na tarumbeta, wakavaa kofia na makoti ya wenye vyeo. Ikafika Tanga na Dar es Salaam. Kisha katika vita vya 1914 hata 1918 askari na wapagazi wakaichukua mpaka bara. Tena njia ilikuwa wazi, maana reli ilikuwa imekwisha kufika Kigoma mwaka 1914. Mitindo ya mjini ilisafiri na makarani na wafanya kazi, kama vile bidhaa.

Baada ya vita palikuwa na pande mbili mashuhuri Dar es Salaam, Marini na Arinoti. Katika Marini walikuwamo wengi wenye elimu na kazi za ofisini. Katika Arinoti, wengi wa kazi za mikono. Kila upande ulikuwa na mfalme wake na majenerali wake.

Wamisionari wengi waliwakataza Wakristo wasiicheze. Wengine waliicheka, wakisema ni kuwaiga Wazungu tu. Nadhani hao wa pili walitazama koti, wasimtazame aliyelivaa. Mtu aliyeitwa boi mchana kutwa, ingawa ana watoto wakubwa, jioni aliitwa Jenerali na wenzake. Cheo hicho hakupewa na serikali. Alipewa na watu waliomjua. Tena vyama hivyo viliwasaidia wagonjwa, vikawazika wageni wasio na ndugu mjini. Hilo si jambo la kuchekwa.

Basi kosa la beni lilikuwa wapi? Si katika koti wala katika ngoma, bali katika mashindano. Upande mmoja ukifanya karamu, wa pili sharti uupite, na fedha zikateketea. Nyimbo nazo ziligeuka kuwa matusi ya kuwaaibisha wapinzani. Na lililo baya zaidi, watu wa Marini waliwadharau wa Arinoti kwa ajili ya kazi zao. Waliochoka kudharauliwa na wakubwa walijifunza kuwadharau wenzao. Heshima waliyoitafuta kwa nguo waliinyima wasio na nguo.

Hapo ndipo beni inapotuhusu sisi. Sare ni nzuri machoni, nayo yaonyesha ya kuwa watu wamepatana. Lakini mama mjane akikopa ili ashone, au akikosa arusi ya mtoto wa dada yake kwa sababu hana kitambaa, sare hiyo imewatenga watu ambao ilipaswa kuwaunganisha. Mtume Yakobo, katika sura ya pili ya waraka wake, aonya juu ya mwenye pete ya dhahabu apewaye mahali pazuri, na maskini aambiwaye asimame kando.

Wenye arusi na wachague kitambaa ambacho maskini wao aweza kukinunua, au waseme kila mtu avae kanga aliyo nayo. Kwanza na wamwulize yule asiye na kitu, ndipo waende dukani. Wacheza beni walikumbuka kumzika mgeni. Sisi tusimsahau jirani angali hai.